Mkono Uliofunga Chupa

Alhamisi saa mbili asubuhi Mkuu wa kituo alimpa Inspekta Kobe muda mpaka jioni, na alimpa kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

"Kesho saa tatu yule dada wa kazi anasomewa shtaka la mauaji," alisema. "Akishasomewa ni gereza moja kwa moja, dhamana hakuna. Faili limekamilika. Sasa wewe unataka nini tena?"

"Nataka kurudi kwenye kile chumba."

"Umeshakwenda mara tatu."

"Hii itakuwa ya nne, Mkuu."

Kobe si jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walimbandika kwa sababu ya mwendo wake, wa miguu na wa kesi, naye akaliacha limkae.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba kuliko lilivyosifiwa. Mwalimu mstaafu wa biolojia, mjane, aliyekuwa akizalisha okidi katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, alikutwa Jumatatu amelala kifudifudi katika chumba hicho hicho, kichwa kimepasuliwa kwa mfuniko wa sufuria ya presha aliyoitumia kuchemshia chupa zake. Daktari alisema alikufa Ijumaa, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ijumaa hiyo hiyo asubuhi alikuwa amegombana na dada wa kazi kwa sauti ambayo jirani aliisikia kupitia ukuta, akamfukuza. Dada aliondoka saa sita, begi mkononi, mtoto mgongoni. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye mfuniko. Kobe alijaribu kueleza kwamba mtu anayeosha sufuria kila wiki hana budi kuacha alama kwenye sufuria, akaambiwa hayo dada atajieleza mwenyewe mbele ya hakimu.

Mtoto alikuwa na miezi minne. Usiku wa Jumatatu, siku mama yake aliyokamatwa, alilala naye mahabusu, akaamka anachemka homa. Mdogo wa marehemu, ambaye kila mtu alimwita Bi Mdogo, alifika kituoni mwenyewe na kusema, "Nipeni mimi, nimemjua tangu yuko tumboni." Kituo kizima kilimsifu. Kafiwa na dada yake, na bado anambeba mtoto wa mtu aliyemuua. Kobe naye alimsifu, tena kwa sauti.

Alikwenda na koplo wake, mwanamke mfupi mwenye macho makali aliyependa kuuliza maswali ambayo wengine waliona haya kuyauliza. Chumba kilikuwa na joto la kuchosha. Okidi zilipangwa kwenye rafu za waya, nyingine zimefungwa kwa uzi mweusi kwenye vipande vya gome, mizizi inaning'inia nje kama haina aibu. Chini ya dirisha kulikuwa na meza, na juu ya meza sanduku la plastiki nyeupe lenye matundu mawili ya kuingizia mikono, limefunikwa taulo. Damu ilikuwa imekauka kwenye sakafu.

"Hapa ndipo alipokuwa akifanya nini hasa?" koplo aliuliza.

"Kuhamisha miche. Mbegu ya okidi ni ndogo kuliko vumbi la unga, udongoni haioti. Mwalimu aliziotesha ndani ya chupa za jemu, juu ya jeli yenye sukari. Zikishakuwa miche zinabanana, basi anazigawa kwenye chupa mpya. Nimesoma kwenye daftari lake."

"Na sanduku?"

"Hewa. Ile jeli kila kuvu duniani anaipenda. Chupa ikikaa wazi kidogo tu, kwisha habari."

Alilitoa taulo. Ndani zilipangwa chupa saba na moja kubwa zaidi, ile mama, ambayo miche ilikuwa ikitolewa. Siku sita zilikuwa zimepita. Kobe aliinama mpaka pua ikakaribia kifuniko angavu cha juu, akaziangalia moja moja. Jeli zote zilikuwa safi, zinang'aa. Miche ilikuwa na majani mawili mawili, ya kijani, hai kabisa.

Aliziangalia tena, kuanzia ya kwanza. Koplo alimjua, akatoa faili.

"Nisomee orodha ya vilivyokutwa mkononi mwa marehemu," alisema mwishowe.

Koplo alifungua faili. "Glavu mikono yote miwili. Mkono wa kulia, kibano cha chuma. Kwenye ncha ya kibano, mche mmoja, umekauka."

"Sasa hesabu miche ya kila chupa."

Alihesabu. Chupa sita zilikuwa na miche kumi kumi. Ya saba ilikuwa na minne.

"Kwa hiyo wa tano ulikuwa kwenye kibano," koplo alisema polepole. "Alipigwa akiwa katikati. Ametoa kwenye chupa mama, anapeleka kwenye ya saba."

"Na chupa mama ilikuwa wazi, na ya saba ilikuwa wazi. Hawezi kuhamisha mche kupitia kifuniko. Sasa niambie nani alizifunga."

Koplo aliitazama damu, akayatazama matundu ya mikono. "Si watu wetu wa picha?"

Kobe alitoa picha za Jumatatu. Taulo lililoondolewa, sanduku, chupa nane, zote zimefungwa. Watu wa picha waliondoa taulo tu, chupa hawakuzigusa. Mtu mwingine alikuwa amesimama pale Ijumaa, mwili wa Mwalimu uko miguuni pake, akaingiza mikono kwenye yale matundu na kuzifunga chupa vizuri ili miche isife.

"Dada wa kazi haruhusiwi humu," koplo alisema. "Jirani alisema hata kufagia Mwalimu alifagia mwenyewe."

"Na hata angeruhusiwa. Mtu aliyeua kwa hasira anakimbia. Huyu alibaki kwa sababu kuna kitu alikipenda."

Aliingiza mikono akazigeuza chupa. Sita zilikuwa zimefunikwa nailoni na kubanwa kwa mpira wa rangi ya manjano. Ya saba na chupa mama hazikuwa na mpira. Nailoni yake ilikuwa ya tabaka mbili, na shingoni imezungushwa uzi mweusi mara tatu, fundo limefichwa chini ya ukingo. Mipira ya manjano ilijaa tele kwenye kikopo pembeni. Aliyefunga alikuwa ameipita, akachukua uzi wa kufungia mizizi.

Kabla hawajatoka, Kobe alivuta droo ya meza kwa mara ya nne. Bahasha ilikuwa bado pale, fomu ya kuandikisha okidi mpya kwenye chama cha wakuzaji, imesainiwa Alhamisi ya kabla ya kifo. Mahali pa jina la ua Mwalimu alikuwa ameandika jina la marehemu mume wake. Safari tatu zilizopita aliisoma na kuirudisha. Safari hii aliitia kwenye faili.

Daktari wa meno, naye mkuzaji wa okidi katika kile chama, alikuwa na mgonjwa kinywa wazi alipowaona, akapoteza rangi kidogo. Alikuwa na sababu. Yeye na Mwalimu walikuwa wamegombana mbele ya wanachama wote mwezi uliopita, kwa sababu ya kipande cha shina alichodai kupewa na Mwalimu akasema kimeibwa. Alimaliza jino, akawapeleka chumba cha nyuma.

"Ijumaa nilikuwa hapa hapa," alisema kabla hajaulizwa. "Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja. Wagonjwa kumi na wanne. Muulizeni dada wa mapokezi, atawapa kitabu."

"Tutauliza. Kipande uliiba?"

Daktari alijikuna shingo. "Nilikichukua. Alikuwa anakitupa."

"Haya. Ukifunga chupa zako unafungaje?"

Swali lilimshangaza kuliko lile la wizi. Alifungua kabati na kuonyesha. Chupa zake zote zilikuwa na vifuniko vya kuzungusha, kila kimoja kimetobolewa tundu dogo na kuzibwa pamba. Kobe alimpa picha ya chupa ya saba. Daktari aliichukua, akaiangalia, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia mlango ukifungwa kwa ufunguo.

"Hii ilikutwa wapi?"

"Kwenye sanduku la Mwalimu."

"Mwalimu hafungi hivi."

"Najua. Nani anafunga hivi?"

"Inspekta, sisi ni kikundi kidogo. Tunazikana."

"Kuna msichana mahabusu anakaribia kuzikwa hai. Kesho saa tatu."

Daktari aliirudisha picha mezani, uso wa picha ukaangalia chini. "Kuna watu hawaamini mipira," alisema. "Wanasema joto linaikausha, inakatika, chupa inaingia hewa hujui. Wanafunga kwa uzi. Mimi sitataja mtu. Nendeni mkaangalie madirisha ya watu."

Kitabu cha mapokezi kilimwokoa. Wagonjwa kumi na wanne, na wawili kati yao wakiwa wake za polisi.

Nyumba ya Bi Mdogo, naye mwanachama, ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kliniki. Alifungua mlango akiwa amempakata mtoto, chupa ya maziwa mkononi, kitambaa begani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Karibuni, wanangu. Sauti chini, ndiyo kwanza anaanza kunyonya. Usiku kucha hakulala."

"Shikamoo, mama," Kobe alisema.

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa. Kwenye kingo ya dirisha, nyuma ya pazia jepesi, zilipangwa chupa za jemu ishirini na kitu, kila moja na miche yake. Kobe hakuwa na haja ya kusimama. Kila shingo ya chupa ilizungushiwa uzi mweusi. Alitamani asingeuona, maana alimpenda mama huyu.

"Mama, nakuomba unirudishie kidogo habari ya Jumatatu. Kwa ajili ya faili."

"Nilishasema yote. Nilipiga simu Jumamosi, Jumapili, hapokei. Jumatatu nikaenda na ufunguo wangu. Nikamwona kupitia mlango wa kioo, pale chini. Sikuingia. Miguu iligoma. Nikaenda kwa jirani, jirani akawapigia."

"Hukuingia chumbani kabisa?"

"Hata hatua moja."

"Na mara ya mwisho kabla ya hapo kufika kwake?"

"Wiki mbili nyuma."

Koplo aliandika. Mtoto alinyonya kwa kelele, ngumi yake imekamata kidole cha Bi Mdogo. Kobe aliweka kofia yake juu ya goti. Hakupenda kusema uongo mbele ya mtoto, lakini alisema.

"Tumekuja pia kukupa pole nyingine. Chupa alizokuwa akizifanyia kazi zimeharibika. Zilikuwa wazi siku zote hizi. Ukungu mtupu. Leo asubuhi tumezitupa."

Mikono ya Bi Mdogo ilitulia. "Zipi?"

"Zote nane."

"Haiwezekani."

"Mama, kuvu..."

"Nakwambia haiwezekani. Hazikuwa wazi. Zilikuwa zimefungwa, nailoni mbili, zimezungushwa..." Alimwangalia Kobe, kisha koplo, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama.

Kuta za sanduku zilikuwa za plastiki nyeupe, isiyoonyesha ndani, na kifuniko chake angavu kilifunikwa taulo. Kutoka kwenye mlango wa kioo mtu angeona sanduku na taulo, basi. Kobe hakuyasema hayo. Alichukua picha akaiweka mezani, chupa ya saba na uzi wake, karibu kabisa na dirisha lenye chupa ishirini na kitu.

"Hazijatupwa, mama. Ziko salama. Kesho tungempeleka msichana gerezani kwa sababu wewe ulizifunga vizuri mno, hakuna aliyeona kitu."

Bi Mdogo alivuta pumzi, akairudisha. Aliinamisha chupa ya maziwa kidogo ili mtoto asimeze hewa.

"Ni kweli ni salama?" aliuliza.

"Ziko vile vile."

"Msiziweke juani."

"Hatutaziweka."

Koplo alifungua kinywa. Kobe alimgusa kiwiko, akakifunga.

"Ua la kwanza alilichavusha binti yangu," Bi Mdogo alisema. "Kwa kijiti cha meno. Alikuwa na miaka kumi na tano, tunacheka hapa hapa, mimi namwambia utalivunja. Miezi tisa kusubiri ganda likomae. Halafu chupa. Halafu miaka. Ua likaja kufunguka mwaka wa saba, yeye alishakufa wa tano. Dada akaniambia litaitwa jina lake. Aliniambia kwa mdomo wake, kwenye mazishi, mbele ya watu. Mimi hilo ndilo lililoniinua kitandani. Binti yangu hakuniachia mjukuu, hakuniachia picha nzuri hata moja. Nilikuwa na lile ua."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nikapita mchana. Nyumba kimya, yule binti ameshaondoka. Nikanawa, nikavaa glavu kama kawaida, nikaingia. Dada yuko kwenye sanduku anahamisha. Hakugeuka hata. Akasema, ameshajaza fomu, ua ameliita kwa jina la shemeji. Akasema, kazi yote aliifanya yeye, mimi nilikuwa naleta uzi." Sauti yake haikupanda. "Mfuniko ulikuwa mezani, ndiyo kwanza umepoa. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka chupa ziko wazi. Nikafikiri, hawa ndio watoto wa ua lile, wakifa hakuna wengine. Ni wa binti yangu hawa. Nikaingiza mikono."

"Ulizifunga kabla ya kumwangalia dada yako?"

Kwa mara ya kwanza machozi yalimtoka. "Kabla," alisema.

Koplo alikuwa bado na swali lake, na safari hii Kobe hakumzuia. "Na huyu mtoto ulimchukua kwa nini? Mama yake yuko ndani kwa ajili yako."

"Kwa sababu ana homa," Bi Mdogo alijibu. "Nani mwingine angemchukua? Kila siku nilisema kesho nitakwenda kusema. Halafu nafikiri, nikienda, nani atampa maziwa ya saa nane?"

Kobe aliona hasira ikimpanda kweli kweli. Mwanamke huyu alikuwa tayari kumwacha msichana afie gerezani, na hapo hapo alikuwa akimfuta mtoto wake mdomo kwa upole ambao hakuna mtu angeweza kuuigiza. Alisimama.

"Mama, uko chini ya ulinzi kwa mauaji ya dada yako. Unaelewa?"

"Naelewa. Ngoja amalize."

Maziwa yalikuwa yamebaki vidole viwili. Walingoja, wote watatu. Mtoto alimaliza. Bi Mdogo alimweka begani akamsugua mgongo mpaka akacheua, kisha akamnyooshea koplo. Mtoto alipogundua mikono imebadilika alilia, na aliendelea kulia ndani ya gari njia nzima, huku mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma kwa pingu akisema, "Mshikeni kichwa, mshikeni kichwa."

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akasaini kibali cha kumwachia dada wa kazi, na hakusema pole kwa mtu yeyote. Saa kumi na moja jioni walimtoa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, gauni lile lile la Jumatatu, viatu bila kamba. Alisimama kaunta bila kuuliza ni nani, wala ilikuwaje. Koplo alimpa mtoto wake.

Aliketi kwenye benchi la mbao, akawapa mgongo askari wanaume, akafungua vifungo. Mtoto aliliona titi, akalidaka, akavuta. Akavuta tena. Aliliacha akapiga kelele, akarudi, akavuta. Dada alimhamishia upande wa pili. Siku tatu hakuwa amenyonyesha, na siku mbili za mwisho hakuwa amekula.

"Hayatoki," alisema. Alisema kama mtu anayetoa taarifa tu. "Yamekatika, afande."

"Yatarudi," koplo alisema. "Ukila vizuri yatarudi."

"Sawa. Lakini usiku huu?" Aliinua macho kwa Kobe. "Kule alikokuwa, alikuwa anapewa maziwa gani? Aina nyingine inaweza kumharisha. Mimi sijawahi kumpa ya kopo."

"Sijui," Kobe alisema.

"Kuna mtu anajua?"

Koplo aliangalia sakafu. Kobe alichukua daftari lake na kwenda mwenyewe, kupitia ule ukumbi mwembamba, mpaka mlango wa tatu. Bi Mdogo alikuwa amekaa pale pale alipokuwa amekaa yule binti asubuhi. Alimwuliza. Hakuhitaji kueleza ni kwa nini, maana kilio kilikuwa kinasikika mpaka huku.

"Kopo la bluu, la watoto chini ya miezi sita," alijibu mara moja. "Liko juu ya friji kwangu, limebaki nusu, ufunguo mnao. Vijiko vitatu, ujazo wa kijiko cha ndani ya kopo, usishindiliwe. Maji yachemke, yapoe kwanza. Mwambie mama yake amwinue kichwa, anapenda kupaliwa."

Kobe aliyaandika yote kwenye ukurasa ule ule, chini ya maelezo ya mauaji, kwa sababu hakuwa na ukurasa mwingine. Kisha akarudi kaunta kumsomea yule mama.